Mimi au Hilo Bomba

Kuluthumu aliachwa kwa ajili ya darubini.

"Chagua," mumewe, Abbasi, alimwambia uani. "Mimi au hilo bomba."

Kuluthumu alikuwa amepiga magoti, anafuta kioo kwa pamba na spiriti. Hakunyanyua hata kichwa. "Bomba," alisema.

Basi akapewa talaka moja, usiku ule ule wa kuandama mwezi wa Mfunguo Tano, na Tabora nzima ikapata la kusema barazani.

Darubini aliinunua mwaka mmoja baada ya Azimio, kwenye mnada wa vitu vya Mwingereza wa reli aliyekuwa anarudi kwao. Wenzake waligombea makochi na redio. Yeye aliuza cherehani yake ya pili ili apate bomba la shaba lenye miguu mitatu ya mbao, kioo chake kimeota ukungu. Alikisugua wiki nzima mpaka kikang'aa. Lilionyesha kila kitu kichwa chini miguu juu, hata ng'ombe wa Itetemia, nje ya mji, walionekana wakila majani angani. Balozi wa nyumba kumi alikuja kuuliza kama anapeleleza reli. Kuluthumu akamkalisha kitini, akamwonyesha sayari ya Zohali na pete yake. Balozi aliondoka, na hakuuliza tena.

Aliyekereka ni Abbasi. Mjini yeye ndiye aliyeitwa Jicho la Tabora: kila Ramadhani alikuwa wa kwanza kuuona mwezi, na watu wakampa mkono. Miaka ishirini na sita, aliyekuwa akimnong'oneza pa kutazama ni mkewe. Sasa mke alikuwa na jicho lake la shaba, na watu walianza kwenda kumuuliza yeye.

Talaka moja ni kamba ndefu. Kabla eda haijaisha, mume humrudisha mke kwa neno moja tu, apende asipende. Na Abbasi, aliyechoka kula hotelini, alikwishatangaza kahawani kuwa neno hilo atalisema. Hakuwa na haraka. Alikuwa amehesabu siku tisini kwenye kalenda ya chama cha ushirika cha pamba iliyoning'inia dukani mwake, na zilibaki mbili.

Kuluthumu hakuhesabu siku. Hedhi ilimwacha miaka minne nyuma, na eda ya mwanamke wa namna hiyo ni miezi mitatu ya mwandamo. Mwezi wa Mfunguo Nane ukionekana tu, yu huru.

"Simrudii," alimwambia shoga yake, Batuli. "Mimi si sufuria, niazimwe na kurudishwa."

Jioni ya siku ya ishirini na tisa ya Mfunguo Saba, jua lilipozama, aliitoa darubini uani na kuielekeza magharibi, mdomo wake ukipita juu ya ukuta. Akauona. Uzi mweupe, pembe zake zimeinamia chini, maana bomba hupindua kila kitu. Alilia kidogo. Kisha akamtuma Batuli amwite Shehe Mfaume.

Shehe alikuja na bakora yake, akainama, akatazama. Mtoto wa jicho hakumruhusu kuona chochote.

"Nakuamini, mwanangu," alisema. "Lakini wewe ndiye mwenye shauri. Ushahidi wako kwa faida yako siwezi kuupokea. Niletee mwanamume aliyeuona."

"Na neno lake litatosha?"

"Litatosha."

Kuluthumu akacheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. Alisogea ukutani, akanyoosha mkono nje hadi kwenye mdomo wa darubini, kama mtu anayepangusa vumbi.

Mlangoni hodi ikapigwa. Abbasi alikuwa amemwona shehe akipita mbele ya mkahawa, akamfuata.

"Vyema shehe upo," alisema, hajakaa bado. "Nina neno nataka ulishuhudie."

"Litangoja," alisema Kuluthumu. "Nimemwambia shehe mwezi umeandama, naye hauoni. Ningekuomba wewe utazame, lakini nasikia hata Jicho la Tabora siku hizi limezeeka."

Batuli akaangua kicheko. Abbasi hakukipenda. Alivua kofia, akabandika jicho moja kwenye bomba, kisha la pili.

"Mwezi huo!" alisema. "Mwembamba, pembe juu. Hata mtoto mchanga angeuona!"

"Umeuona wewe mwenyewe, Abbasi?" shehe aliuliza.

"Wallahi nimeuona."

"Basi tumeingia Mfunguo Nane."

"Tumeingia. Sasa, shehe, shuhudia: namrudisha mke wangu—"

"Mke gani?" Shehe Mfaume aliegemea bakora yake. "Eda yake ni miezi mitatu, nawe umeapa mbele yangu kuwa mwezi mwingine umeandama."

"Zimebaki siku mbili! Kalenda—"

"Kalenda ile ni ya wauza pamba, Abbasi. Sharia hutazama mwezi. Na ushahidi wa mtu dhidi ya nafsi yake hauhitaji wa pili."

Abbasi alimtazama shehe, akamtazama Batuli. Aliichukua kofia yake na kutoka bila kuaga. Shehe alimtakia Kuluthumu heri, naye akaenda zake taratibu.

Batuli alipiga kigelegele, akamkumbatia shoga yake, kisha akaikimbilia darubini. "Na mimi niuone huo mwezi wako!" Akainama, akafumba jicho moja. "Shoga, mbona giza tupu?"

"Ngoja," alisema Kuluthumu, akanyoosha mkono nje ya ukuta na kukivua kifuniko cha shaba. "Sasa tazama."