Uso wa Kuazima

"Uso murefu, lakini si murefu sana," Marcellin alisoma kwenye kikaratasi. "Macho ya usingizi. Chora, mzee."

Seifu alishika penseli asichore. Ishirini na mitano ilikuwa miaka yake ya kuchora vitabu vya watoto na vijitabu vya afya pale mtaani Buyenzi, na hakuna aliyewahi kumsomea uso kama mtu anayetumwa sokoni.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Angekuwa hapa, ningekuja kwako?"

"Basi aniambie aliyemuona."

"Huyo amekufa jana," Marcellin alisema, akijifuta vumbi kwenye kiatu. Wenzake wawili walisimama mlangoni na makoti yao mazito, mchana wa jua kali. Mtaa mzima ulimjua Marcellin. Jina likifika mfukoni mwake, mwenye jina haonekani tena, na hakuna anayeuliza.

Akaendelea kusoma. Kijana, hajafika miaka ishirini na tano. Mwembamba. Iko na mwanya. Ni mwalimu, ametoka Kamenge, kuna jambo ameliona huko, sasa anajificha huku kwa Waislamu.

Seifu alimjua mara moja. Méthode! Mwalimu huyo alikuwa amejificha nyuma ya gereji, nyumba ya tatu kutoka hapo. Kila mwalimu kwenye vitabu vya Seifu alikuwa na uso wa Méthode.

Na hiyo ndiyo ilikuwa shida ya Seifu, mjue. Hakuwahi kuchora kutoka kichwani. Kila asubuhi baada ya chai alikaa na daftari lake mbele ya soko, akiiba sura za watu. Caritas, muuza dagaa wa ziwani, ndagala, alijikuta kwenye kijitabu cha kipindupindu, amembeba mtoto anayeharisha, na mwezi mzima hakumsalimia Seifu. Haki yake. Hata Mwantum, mke wake wa ndoa, alimbembeleza amchoree Anouar, mtoto wao wa pekee, waliyempeleka Kigoma kwa shangazi yake mji ulipowaka moto. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na sasa ni mwaka wa sita. "Nimchoree ndevu sijaziona?" Seifu alimjibu. "Vita vikitulia atarudi, nitamchora." Mwantum alitaka mtoto arudi kwa sikukuu ya Idi. Seifu alisema bado.

"Nangojea," Marcellin alisema, akavuta kiti.

Kukataa hakukuwepo. Kumchora Méthode ilikuwa kumzika. Iliyobaki ni kuchora uso usio wa mtu, na mkono wake haukujua unaanzia wapi.

Mara ya kwanza yakatoka macho ya kinyozi. Akafuta haraka. Mara ya pili likatoka taya la muadhini. Akafuta tena. Watu walio hai walikuwa wamejaa mkononi mwake, na yeyote ambaye angemtoa pale angekufa.

"Mzee, unachelewa."

Ndipo akili ikamjia. Aazime kwa wasioweza kusakwa. Paji la uso akachukua la marehemu baba yake, maana hakuna barieri ya barabarani ya kusimamisha maiti. Macho ya usingizi akachukua ya marehemu mama. Pua na masikio akachukua yake mwenyewe, kwenye kioo cha ukutani. Mzee wa miaka hamsini na nane, nani atamwita kijana? Kilibaki kinywa chenye mwanya. Akachora cha Mwantum, kwa sababu hao walikuwa wanatafuta mwanamume. Kisha akaondoa mikunjo, akanyoosha ngozi, akampa ujana.

Akautazama. Hakumjua. Alimtafuta kichwani mtaa kwa mtaa, Bwiza mpaka Kibenga, hakumpata, na moyo ukatulia. Ulikuwa uso mpole, hata akausikitikia kuupa Marcellin.

Kufika kesho yake nakala zilikuwa kwenye kila barieri na kwenye nguzo za njia ya bandarini. Seifu hakutoka na daftari. Alikaa ndani, na kila hodi ilimshtua.

Siku ya tatu Méthode alipita kwenye barieri mchana kweupe, picha imebandikwa juu ya kichwa chake. Askari akaitazama picha, akamtazama yeye, akamrudishia kitambulisho. Jioni habari ikaja kuwa amevuka mpaka salama. Seifu akaswali rakaa mbili za shukrani, akala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Marcellin aje.

Siku ya tano Marcellin akarudi peke yake, anacheka. Uani Mwantum alikuwa anapepeta mchele wa Idi.

"Mzee, we iko na mkono. Tumempata."

"Mumempata nani?"

"Mutu yako. Jana, bandarini. Ameshuka kwenye boti na begi yake. Paji, macho, pua, mpaka ule mwanya. Hukukosa hata kitu moja."

Seifu akashika meza. Aliona haya na hofu kwa pamoja. Kumbe uso ule ulikuwa na mwenyewe, na yeye ndiye aliyemtoa.

"Labda si yeye," alisema. "Labda wamefanana tu. Mwachieni."

"Imekwisha, mzee." Marcellin aliwasha sigara. "Lakini alikuwa muongo, yule. Tulicheka mpaka machozi. Ati ni mutoto yako. Tukamuonesha picha, tukamuuliza: ni baba gani anaweza kuchora mutoto wake, atupatie sisi?"