Maji ya Mtemi

Kamba ya kuwatolea watu wanaotumbukia kisimani kule kisiwani haikuwemo kwenye boti, na aliyeiacha nyumbani makusudi ni Wilhelmina.

"Umeisahau?" aliuliza mumewe, Josephat, akiwa ameshika mashine nyuma ya boti.

"Sijasahau kitu, Baba Hellen."

Josephat akageukia mashine yake. Alimjua mkewe. Kwenye ubao wa mbele, Zadok alikuwa akiwaonyesha wageni wake, Wazungu wawili wa kiwanda cha minofu, jinsi mawe ya Mwanza yalivyokuwa yakipotelea nyuma yao. Alikuwa mnunuzi wa sangara, tajiri wa enzi hizi za biashara ruksa, mwenye magari manne. Umri wake ulikuwa wa baba yake Wilhelmina kabisa, lakini Wilhelmina hakumwamkia. Shikamoo ya nini kwa muuaji?

Maana pikapu ya Zadok, ile nyeupe ya kubebea samaki, ndiyo iliyomgonga Mihayo pale Igoma, mchana kweupe. Mihayo, mdogo wake Wilhelmina wa pekee, aliyekuwa anajiandaa kwenda kuanza ualimu chuoni Butimba. Dereva hakusimama. Gari lilikutwa limetelekezwa Nyakato, mlango wazi, damu kwenye bampa.

Zadok alipoitwa polisi akasema hakuwemo garini. Ati dereva wake alikwenda kula, akamwachia gari deiwaka, mmoja wa vijana wanaoshinda stendi wakingoja kushikizwa usukani wa mtu kwa saa chache. Deiwaka yupi? Hamjui. Na huyo dereva yuko wapi? Amekimbilia machimboni. Ebo! Igoma nzima ilijua kwamba Zadok alipenda kuendesha mwenyewe. Kesi ikafa hivihivi.

Hasira ya Wilhelmina haikufa. Miaka mitatu alikula nayo, akalala nayo. Asingekuwa Josephat, angerukwa na akili. Josephat alishinda msibani kila siku, akachimba kaburi kwa mikono yake, akaja kumuoa. Kwa uchungu wa msiba ule aliacha stendi na mambo ya magari kabisa, wakajipinda wakanunua boti hii ya kupeleka wageni kutazama magofu ya kisiwani na kurudi siku hiyohiyo. Mume wa namna hiyo unampata wapi?

Na leo Zadok, pamoja na boti zote zilizojaa Mwanza, ameitaka ya kwao. Dharau gani hii!

Walipofika kisiwani, Josephat alifunga boti, akajikalia kivulini. Ndiyo ilikuwa kawaida yake. Wageni hupanda na Wilhelmina, yeye hubaki kulinda mashine isiibwe.

"Leo iache," Wilhelmina alimnong'oneza. "Nakuhitaji kule juu."

"Mama Hellen, tafadhali. Aliyekufa amekufa."

"Hakuwa ndugu yako wewe! Huyu mzee namnywesha yale maji ya mtemi. Akikataa, namsukumia mle kisimani, na wewe utasema aliteleza. Twende."

Josephat akamfuata, uso umemshuka.

Wilhelmina aliifanya kazi yake kama siku zote. Aliwaonyesha wageni kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo, ndefu kumpita mtu, na lango ambalo kila aliyeliingia aliinama. Aliwaonyesha na mahali alipokaa mtemi akisikiliza mashauri. Kisha akawapeleka nyuma ya boma, ambako mwamba umefunua mdomo na maji ya kijani yanaonekana chini sana, kuta zake zinateleza kwa ukoga. Zadok akasogea hadi ukingoni, akachungulia.

"Mtuhumiwa alinyweshwa maji haya," alisema Wilhelmina. "Mwenye damu ya mtu, tumbo lilimvimba, na jua halikuzama naye akiwa hai. Sisi wa ukanda huu wa ziwa tumekua tukilijua hilo. Kanisani tunakwenda, lakini mwenye neno moyoni hathubutu kuyanywa."

Akateremsha kibuyu kwa ugwe, akakipandisha kimejaa. Akasimama nyuma ya Zadok, karibu kabisa.

"Wewe kwanza," alisema.

Zadok hakucheka. Alivua kofia, akakipokea kibuyu, akanywa mpaka maji yakamtiririka kifuani.

"Niongeze," alisema. Akanywa tena, akakikausha.

Kisha akageuka. "Unadhani kwa nini niliitaka boti yako, binti yangu? Nilisema kweli polisi, ikawa kichekesho. Nilikuja kwenye matanga, mkanifukuza. Wanangu mwenyewe wananitazama kwa jicho baya. Nikasema basi, nikanywe mbele ya dada yake marehemu. Sikumuua Mihayo. Aliyeshika gari langu siku ile simjui hadi leo."

Wilhelmina alijiona mjinga, akaona aibu, akalia kwa sauti mbele za watu bila kujali. Miaka yote ile alikuwa amemchukia mtu asiye na kosa!

"Shikamoo, baba," alisema mwishowe.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Wazungu, bila kuelewa sana, walitekewa yao, wakagusisha midomo tu kwa kuogopa kuharisha, wakapiga picha. Wilhelmina akateka tena, akanywa na yeye. Maji yalikuwa baridi, matamu. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alijisikia mwepesi, akatabasamu, akamgeukia mumewe na kumnyooshea kibuyu.

"Kunywa na wewe, Baba Hellen, tuyamalize."

Josephat aliyatazama maji, akamtazama mkewe, akaificha mikono yote miwili mgongoni.