Nguzo au Mtaro

Wanyama wa bondeni waliwahi kuulizwa maoni yao, na kwa bahati mbaya wakayatoa.

Simba alitaka kuvuta umeme mkubwa hadi pangoni kwake. Akaitisha baraza, akauliza jambo moja tu: nyaya zipite juu au zifukiwe chini?

"Zifukiwe, Mheshimiwa," alisema Korongo. "Zikipita juu zitaniunguzia watoto."

"Zipite juu," alisema Fuko. "Mtaro utabomoa nyumba yangu."

"Wewe umezoea giza, utapoteza nini?"

"Na wewe una mbawa, si uhame!"

Pimbi akasimama. "Jamani, kwa nini tusikatae sote?"

Hapo Korongo na Fuko wakapatana kwa mara ya kwanza. "Kaa chini, mpinga maendeleo!"

Pimbi akatolewa nje. Simba akatabasamu.

"Nimewasikia nyote, na simpendelei mtu. Kwa Korongo zitapita juu. Kwa Fuko zitapita chini."

Wajumbe wakapiga makofi kabla hawajaelewa.

Watoto wa Korongo waliungua wiki ile ile nyaya zilipowashwa. Nyumba ya Fuko ilikuwa imeshageuka kifusi. Siku ya uzinduzi wawili hao walikaa pamoja juu ya kifusi hicho.

"Dada Korongo," aliuliza Fuko, ambaye haoni, "wewe mwenye macho ya mbali, umeme umefika?"

"Umefika. Pango la Simba linang'aa."

"Na kwetu?"

Korongo akatazama nyaya zilizokuwa juu ya kiota chake kitupu.

"Kwetu umepita tu."