Simbilisi Asiyenuka Moshi

Jikoni kwa mama mmoja walifugwa simbilisi wawili, vinyama vidogo vya manyoya, Nyamizi na mumewe Mashaka, wakilala ubavu kwa ubavu kando ya mafiga. Nyamizi hakutaka kona yake iguswe, na Mashaka hakuwahi kumpinga mkewe.

Siku moja yule mama akaleta simbilisi wa tatu, binti mpole aitwaye Tunu. Nyamizi akamnusa, akasaga meno.

"Hunuki moshi wetu. Kalale mlangoni!"

"Kalale mlangoni," Mashaka akaitikia.

Tunu hakubisha. Akaenda akajikunja mlangoni, penye upepo.

Wiki haikuisha, Nyamizi akarukia ganda la ndizi, akatumbukia kwenye beseni la kuoshea vyombo. Akatoka amelowa chapachapa, ananuka sabuni mwili mzima, akakimbilia mafigani. Mashaka akamnusa, akasaga meno.

"Hunuki moshi wetu. Kalale mlangoni!"

"Baba wee, ni mimi mkeo!"

"Mke wangu ananuka moshi," Mashaka akasema, mtiifu vilevile.

Nyamizi akajikokota hadi mlangoni, anatetemeka kwa baridi. Kabla hajafungua kinywa, Tunu alikwishasogea kumpisha.

"Ingia hapa, mama. Huku hatunusani."

Wakakumbatiana mpaka manyoya yakakauka. Punde Mashaka naye akaja taratibu, maana mafiga yana joto lakini hayapumui.

"Mna nafasi?"

Nyamizi akafumbua jicho moja.

"Njoo, mume wangu. Lakini hiyo pua iache hukohuko mafigani."