Mita ya Kukodi

Bi Hidaya alifungua khanga juu ya kaunta ya ofisi ya maji, akatoa mita. Bado ilikuwa na udongo mbichi wa uani kwake Mafiga, na ilidondosha maji.

"Shikamoo, bibi," alisema Jesca, karani wa bili. "Umeing'oa?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeirudisha. Miezi mitatu niko mlimani kwetu navuna maharage, nyumba imefungwa. Bili inakuja na ada ya huduma, ina VAT, ina maji taka, na mimi choo changu cha shimo! Hayo nimenyamaza. Ila mmeandika nakodi mita. Kitu cha kukodi si ukikichoka unakirudisha? Hata baiskeli za sokoni tunarudisha."

Jesca alitaka kumwambia kwamba kung'oa mita kuna faini, na kurudishiwa maji kuna ada yake. Akaziona kucha za bibi. Zilikuwa zimepasuka kwa kufungua nati bila spana.

Mlango wa meneja ukafunguka.

Jesca aliifunika mita kwa khanga, akaikumbatia. Maji yakamlowesha blauzi.

"Shikamoo, bosi. Bibi yangu huyu, kaniletea ndizi za mlimani."

Meneja akanyoosha mkono.

"Basi nikatie na mimi mbili tatu."