Duara Jeupe

Mwanasiti alimimina iodini kwenye kisahani cha mwisho. Wanga ukageuka mweusi, ila palibaki duara jeupe kuizunguka kuvu iliyoota katikati. Kuvu hiyo ilikuwa imekula wanga wote uliokuwa karibu nayo. Ndiyo waliyoitafuta miaka sita.

“Kipande chake umekihifadhi wapi?” akauliza Mzee Kilembe, fundi wa maabara.

Kipande cha kuvu humegwa kwanza na kuwekwa kando, maana iodini huiua. Lakini baada ya visahani mia visivyotoa kitu, Mwanasiti alikuwa ameacha kumega.

“Basi tutarudi kwenye lile gogo tulipoitoa, mwanangu.”

“Msitu ule ulifyekwa mwezi uliopita, mzee.”

Akakiinua kisahani dirishani. Mwanga ukapenya kwenye duara, ukatua kiganjani mwake.