Gari la Tusekile Larudi Nyuma

Gari la Tusekile lilimsaga baba mkwe wake mguu, kisha likamsaga yeye, maana siku hizo kila gari lilimrudishia dereva jeraha lile lile alilomtia mtu.

Kabla hajawasha, mumewe Ambakisye alimfokea, "Mama Lusajo, zunguka gari kwanza!"

"Baba yako yuko huko nyuma. Nikagongane naye macho, ukoo mzima unitangaze sina adabu?"

Mzee naye, kwa mwiko wa kwao wa mkwe na mkamwana kutotazamana, alikuwa amechutama nyuma ya gurudumu. Tusekile akarudisha gari nyuma. Mfupa wa goti la mzee ukalia. Papo hapo chuma kikashuka chini ya usukani, kikamsaga goti mpaka damu ikajaa kiatu.

"Mwachie mke wangu, mbwa wewe!" Ambakisye akapiga kioo kwa ngumi. Gari likamaliza kazi yake.

Mkwe na mkamwana bado hawatazamani. Nyumba ile sasa ina watu wazima watatu na miguu minne.